Nyimbo za Herufi U

Nyimbo za Kijapani ninazozijua mimi zote zinaanza na herufi U. Usinicheke. Kuna watu wanajua nyimbo za Kijapani mia tatu, na wengine hawajui hata mmoja. Mimi najua nne, na zote ziko kwenye herufi moja kwa sababu ya bei.

Ilikuwa hivi. Mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba wake akaacha flashi iliyojaa nyimbo za kwao Japani. Flashi ikapita mikono kadhaa mpaka ikafika kwenye kibanda cha kuchaji simu. Mwenye kibanda anauza nyimbo kwa idadi, lakini hizi hakuna aliyezitaka maana hakuna aliyeweza kuchagua kwa jina. Akaniambia, "Kaka, we chagua herufi tu, nakurushia zote za herufi hiyo." S zilikuwa nyingi. K ndiyo usiseme. U zilikuwa nne. Nikalipa za nne.

Nilikuwa na sababu ya kutafuta nyimbo za mbali. Kikundi changu kinakutana Alhamisi mchana, vijana wa miaka 12 mpaka 17, chini ya banda la turubai. Wako wa Kibembe, wako wa Kifuliiru, wako Warundi. Ukianza wimbo wa hawa, wale wananuna. Ukiimba wa dini, kuna anayekumbuka kwamba kanisa lake siyo hilo. Wimbo wa Kijapani hauna mwenyewe kambini kwetu. Wote tunaanza sifuri, wote tunakosea sawa, na hakuna wa kusema "hapo umeharibu lugha ya baba yangu".

Halafu Kijapani kinakaa vizuri mdomoni mwa mtu anayesema Kiswahili. Karibu kila konsonanti ina irabu yake pembeni, kama sisi: ka, mi, su, to. Unaisoma kama ilivyoandikwa na inatoka. Siyo kama Kifaransa cha shuleni, kinachoandika herufi saba ili usome tatu. Vijana walichukua wimbo wa kwanza kwa saa moja. Maneno yenyewe yaliwachekesha: *uta*, ambao kwetu ni upinde wa kurushia mishale, kwa Wajapani ni wimbo. *Uma* ni farasi. *Umi* ni bahari. *Usagi* ni sungura. Mvulana mmoja akauliza kama U yao inafanya kazi kama U yetu, ile ya udugu, upweke, uhuru, ukimbizi. Nikamwambia hapana, ni bahati tu ya herufi. Hakuridhika. Alisema herufi haiwezi kuwa na bahati.

Wimbo wa kwanza ni "Usagi", wa zamani, wa watoto, mtunzi wake hajulikani. Unamuuliza sungura anaona nini mpaka anarukaruka hivyo, naye anajibu kwamba anautazama mwezi mpevu. Basi, umekwisha. Wajapani wakiutazama mwezi wanamwona sungura ndani yake, anatwanga keki za mchele kwenye kinu. Nilipowaambia hivyo, vijana walitoka nje usiku ule kumtafuta. Wengine walimwona. Mimi naona kinu tu.

Wa pili ni "Usagi to Kame", yaani Sungura na Kobe, wimbo wa shule wa mwaka 1901. Hadithi yake ni ile ya Mgiriki Aesop: sungura anamdharau kobe, wanashindana, sungura analala njiani, kobe anapita polepole na kushinda. Hapa tulipoteza Alhamisi nzima, na wala sijuti. Bibi zetu hawakusimulia hivyo. Kwa bibi zetu, kobe aliwapanga ndugu zake njiani, mmoja kila kona, wote wanafanana. Sungura akikimbia na kuita, "Kobe, uko wapi?" anajibiwa mbele yake, "Niko hapa!" Mpaka anachoka kabisa. Vijana wakagawanyika. Wengine walisema kobe wa Wajapani ni mwaminifu, kobe wetu ni mwizi wa ushindi. Msichana mmoja akasema kobe wa Wajapani alikuwa na bahati tu. Angefanyaje kama sungura asingelala? Kobe asiye na ndugu njiani hawezi kufika popote, alisema, na wote walijua anaongelea nini, maana kila familia hapa ina mtu wake aliyetangulia mahali na wanasubiri aite.

Wa tatu ni "Umi", bahari. Ulitoka kwenye kitabu cha nyimbo cha shule za msingi mwaka 1941. Unakwenda taratibu, mapigo matatu matatu, kama mtumbwi uliofungwa unaochezwa na mawimbi. Unataja ukubwa wa bahari, mwezi na jua, mwishoni hamu ya kuingiza chombo majini na kwenda kuona nchi za watu. Aliyeandika maneno ni Ryuha Hayashi, aliyetunga muziki ni Takeshi Inoue, na wote wawili walitoka mkoa wa Gunma. Gunma hauna pwani. Ni milima. Wimbo wa bahari ambao karibu kila mtoto wa Japani anaujua uliandikwa na watu wa mlimani.

Hili liliwagusa vijana wangu kuliko nilivyotarajia. Wazazi wao wengi walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti usiku, kutoka Fizi, Baraka, Uvira. Watoto waliozaliwa huku wanajua habari zote za ziwa: dagaa wanavuliwaje na taa, upepo gani ni mbaya, nani alizama. Lakini ziwa lenyewe hawajawahi kuliona, na ukitaka kutoka nje ya kambi lazima uwe na kibali. Wakauimba "Umi" kwa macho ya kufumba. Kijana mmoja mkubwa, anayesoma historia, ndiye aliyeharibu raha kidogo. Alikumbusha kwamba mwisho wa mwaka 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, kwa hiyo hamu ya kwenda nchi za watu kwa meli, mwaka ule, haikuwa hamu ya kutalii. Sawa. Wimbo uleule, inategemea nani yuko kwenye chombo.

Sasa wa nne, ambao ndio ulionifanya nikae niandike.

Jina lake ni "Ue o Muite Arukō". Maana yake ni kama kusema, tutembee tukitazama juu. Aliuimba Kyu Sakamoto mwaka 1961 akiwa na miaka 19, umri wa vijana wangu walionipita darasani. Alizaliwa Desemba 1941, mwaka uleule wa "Umi". Muziki ni wa Hachidai Nakamura, Mjapani aliyezaliwa Qingdao, China. ("Kwa hiyo na yeye walihama?" waliuliza. Ndiyo, na yeye.) Maneno ni ya Rokusuke Ei. Ukiusikia bila kujua lugha, ni wimbo mwepesi, wa kuchezesha mguu, na katikati Sakamoto anapiga mluzi mtamu kabisa. Sisi tulidhani ni wa sikukuu.

Siyo. Huyo anayetembea anatazama juu ili machozi yasidondoke. Ni usiku, yuko peke yake.

Na machozi yenyewe yana habari. Mwaka 1960 watu wengi sana walijaa barabarani Tokyo kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Walipinga wiki baada ya wiki. Mkataba ukapita tu. Ei alikuwa mmoja wao, na wimbo ulitoka kwenye kuvunjika moyo kule kwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini humo ndani hakutaja mkataba wala serikali. Alimweka mtu, barabara, usiku na nyota. Ndiyo maana hata aliyeachwa na mchumba aliuona ni wake, hata aliyefiwa, hata aliyehamia mjini kutafuta kazi.

Halafu wimbo ukavuka mpaka. Huko Uingereza mkuu wa kampuni ya rekodi aliona jina ni gumu, wateja watashindwa kulitamka. Wakaupa jina la "Sukiyaki". Mwaka 1963 bendi ya Kenny Ball ikaupiga bila maneno kwa jina hilo, na rekodi ya Sakamoto mwenyewe ilipouzwa Marekani ikauzwa kwa jina hilohilo. Mwezi Juni 1963 ilishika namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki tatu, kwa Kijapani kitupu. Marekani, nchi ya upande wa pili wa ule mkataba, iliupenda wimbo wa machozi ya mkataba, na haikujua.

Sukiyaki ni nini? Ni chakula. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, inapikwa kwenye sufuria ya chuma na mchuzi wa soya na sukari, pamoja na mboga. Kitamu, nasikia. Lakini ndani ya wimbo hamna nyama, hamna sufuria, hamna mtu anayekula. Walichukua tu neno la Kijapani ambalo mtu wa kwao ameshalisikia. Mwaka 1981 kundi la Marekani A Taste of Honey likauimba kwa Kiingereza, maneno mengine kabisa, ya mapenzi. Jina likabaki la nyama.

Sisi hatukuyajua haya. Kwetu ulikuwa U tangu mwanzo, kwa sababu flashi ile ilitoka kwa mwenyewe. Siku moja wageni walikuja kutembelea kikundi, vijana wakauimba, na mgeni mmoja, mama wa umri wa heshima, akapiga makofi kwa furaha: "Oh, Sukiyaki!" Alikuwa mkarimu, hakukosea kitu, ndivyo alivyoujua tangu utotoni. Vijana wakatazamana. Baadaye nikawaeleza hadithi ya jina, na nilitegemea watacheka.

Hawakucheka. Msichana yule wa kobe, ambaye kwa kawaida akishasema neno moja kwa siku anaona ametimiza, akasema, "Na mimi walinihamisha."

Jina lake la ukoo linaanza na U. Zamani, mezani pa kuandikisha, mtu fulani alilisikia akaliandika kwa W. Kwa masikio ni karibu, hata mimi naelewa. Lakini siku ya mtihani orodha zilibandikwa ukutani kwa alfabeti. Alisoma U zote mara tatu, hayumo. Wenzake wakaingia ndani. Yeye akakaa nje chini ya mti, akidhani wamemfuta, mpaka mlinzi mmoja alipoita jina lililobaki mwisho wa karatasi na yeye akaona linamfanana. Nilimuuliza kama alilia. "Nilitazama juu," alisema. Sijui kama alisema hivyo kwa sababu ya wimbo au kweli ndivyo ilivyokuwa. Sikuuliza tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria hili, na naomba wenzangu wa mashirika wanaosoma gazeti hili wanivumilie kidogo. Kosa la jina "Sukiyaki" siyo kwamba ni la uongo tu. Ni kwamba linaziba sikio. Ukishaambiwa hii ni nyama, muziki ukawa wa kuchangamka na mluzi juu yake, utajuaje kwamba mtu analia? Hutamsikia. Mamilioni ya watu waliununua na kuucheza, na aliyekuwa analia humo alibaki analia peke yake.

Sisi tunaofanya kazi na vijana tuna karatasi moja yenye sura tatu: inayocheka, iliyonyooka, iliyonuna. Kijana anaonyesha kidole leo anajisikiaje, sisi tunaweka alama. Sisemi karatasi ni mbaya, kuna watoto wadogo imewasaidia kusema. Lakini nina mvulana wa miaka 15, kila Alhamisi anaonyesha sura inayocheka. Kila Alhamisi. Kaka yake alirudi ng'ambo ya ziwa kuangalia shamba la baba yao, na tangu mvua za mwaka jana hakuna simu wala salamu. Kwenye ripoti, huyu ni mmoja wa wenye furaha. Wageni wakija yeye ndiye anayecheza mbele, na picha yake inapendeza kweli.

Yeye ndiye anayepiga mluzi. Ile sehemu ya katikati ya wimbo anaijua yote, bila kukosea. Anaipiga jioni akirudi kutoka bombani na dumu, na wakati mwingine usiku kabisa. Majirani wakachoka. Mama mmoja alinifuata akanishika shati: "Mwalimu, umewafundisha watoto kuita nyoka." Maana kwetu mluzi wa usiku unaita nyoka, kila mtu anajua.

Nikamwambia, "Mama, hata Wajapani wanasema hivyohivyo. Ukipiga mluzi usiku, nyoka anakuja." Na ni kweli, wanasema.

Akafikiri kidogo. "Basi kama wanajua, mbona huyo anapiga?"

Sikuwa na jibu la haraka. Yule anayetembea kwenye wimbo anajua hatari ya mluzi wa usiku, amekatazwa na mama yake tangu mdogo, na bado anapiga. Nadhani ni kwa sababu kimya kilikuwa kibaya kuliko nyoka. Nilimweleza mama hivyo. Hakusema kitu, akaondoka. Lakini wiki ile alimpelekea yule kijana mihogo ya kuchemsha, na hajalalamika tena.

Wazee wetu wanasema mwanaume halii. Kwenye semina tunafundishwa kinyume, kwamba kulia ni dawa, waache watoto walie. Mimi nimekaa katikati ya hizo mbili miaka minne sasa, na huyu Mjapani wa mwaka 1961 ndiye wa kwanza kunionyesha mtu asiye upande wowote. Analia, hakatai. Ila anaendelea kutembea, na machozi anayashikilia kichwa kikiwa juu kama mtu aliyebeba maji. Sisemi anafanya vizuri au vibaya. Nasema namjua. Nikitoka nje sasa hivi nitakutana naye mara tano kabla ya kufika sokoni.

Sakamoto mwenyewe alikufa tarehe 12 Agosti 1985, kwenye ndege iliyotoka Tokyo kwenda Osaka. Watu 520 walikufa, wanne wakapona. Alikuwa na miaka 43. Ndege iliangukia milimani, kijiji cha Ueno, mkoa wa Gunma, kulekule walikotoka watunzi wa "Umi". Nilipowasomea hilo, yule wa "herufi haiwezi kuwa na bahati" alinitazama tu. Ueno, U tena. Nikafunga daftari.

Mwezi uliopita tuliombwa tuimbe Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20. Walitaka wimbo wa kuchangamsha, wakasema ule wa mluzi unafaa. Vijana walikaa wakajadili wenyewe, mimi nilikuwa pembeni. Wakakubali, kwa sharti la jina. Mratibu wa ratiba, dada mmoja mwema lakini mwenye mambo mengi, alikuwa tayari ameandika "Sukiyaki" kwenye kompyuta yake. Yule msichana akaenda mwenyewe mpaka mezani kwake. Akasimama. Akamwambia polepole, herufi moja moja, akianza na U. Dada akaandika, halafu akalalamika kwamba ni refu, nafasi kwenye karatasi ni mstari mmoja, na chini yake wanakuja wachezaji wa ngoma.

"Na maana yake kwa Kiswahili pia," msichana akasema.

"Haitaingia, mdogo wangu."

"Itaingia ukipunguza ukubwa wa herufi."

Walipunguza. Kwenye ratiba iliyobandikwa tuko namba sita, tunachukua mistari miwili, na wachezaji wa ngoma wamesogezwa chini kidogo.